Mkuki wa Ijumaa, Shoka la Jumapili

Harufu ya mkonge ndiyo iliyonipokea. Tulikuwa tumetoka Songea alfajiri ya siku iliyotangulia, mimi, mama na kaka yangu, tukalala stendi ya Morogoro juu ya mizigo yetu, na basi lilipoingia njia ya Tanga pale Segera nilikuwa nimechoka hata kuuliza tumebakiza kiasi gani. Karibu na Pongwe uvundo wa majani ya mkonge yaliyosagwa na kuachwa kuoza juani ukaingia madirishani. Mama akasema, “Baba yenu yuko kwenye harufu hiyo.” Baba alikuwa fundi wa mashine shambani, kwa mkataba wa mwaka mmoja, nasi tulimfuata tukapanga Nguvumali, mjini Tanga. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, kidato cha pili. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini darasani waliponea kwa kuicheka lafudhi yangu. Hakuna aliyekaa karibu nami isipokuwa Athumani, mwenyeji wa Chumbageni, ambaye alinicheka kuliko wote kisha akaniuliza kama najua kompyuta.

Mjomba wake, Mzee Bakari, alikuwa na duka la intaneti lenye mashine nne na feni moja iliyolia kama cherehani. Miaka ile ya mwanzoni mwa elfu mbili mtandao ulikwenda kwa kujikongoja, kwa hiyo mchezo tuliocheza haukuwa na picha hata moja. Ulikuwa maandishi ya Kiingereza tu, tukiyasoma kwa kamusi: uko msituni, mnyama anakuja, unafanya nini? Watu wa nchi tusizozijua walikuwa humo, kila mmoja na mpiganaji wake. Sisi tulikuwa na mmoja wa shirika, tukamwita Kipanga. Kila akishinda alipewa alama, nawe ukachagua uziweke kwenye shabaha au kwenye nguvu. Akifa amekufa, jina linafutwa, unaanza upya mikono mitupu.

Mzee Bakari na Athumani walipokwenda kuswali Ijumaa, mimi Mkatoliki niliachiwa duka nililinde, na malipo yangu yalikuwa saa nzima na Kipanga. Jumapili nilipokuwa kanisani, Athumani alikuwa naye. Mpangilio huo ulikuwa mzuri, ila ulikaribia kumuua kijana wetu. Ijumaa mimi nilimwongezea shabaha, ashike mkuki. Jumapili mwenzangu alimwongezea nguvu, ashike shoka. Miezi mitatu tukamlea hivyo, kila mtu akibomoa alichojenga mwenzake.

“Mngoni na mkuki wake!” Athumani alikuwa akinizomea. “Mpaka kwenye kompyuta?”

“Na wewe shoka la nini, unakwenda kuchanja kuni?”

Mzee Bakari ndiye aliyechoka. Alituambia tulete hoja, si kelele, la sivyo atatufukuza wote wawili. Basi nikachukua kitabu cha hesabu cha kaka, nikafungua sura ya uwezekano, ambayo sisi tulikuwa hatujaifikia. Kila pigo mashine ilirusha dadu ya pande sita. Mkuki ulipata mara tano katika sita, na kila ukipata uliondoa uhai sita. Shoka lilipata mara mbili tu katika sita, lakini pigo lake liliondoa kumi na mbili. Katika kurusha mara sita, basi, mkuki utaondoa kama thelathini, na shoka ishirini na nne. Nilimwonyesha Athumani Jumatano baada ya shule. Alikagua mstari kwa mstari, akatafuta kosa, akakosa. “Haya. Alama ishirini tulizoweka akiba, Ijumaa ziweke zote kwenye mkuki wako. Tukimaliza swala tunakwenda langoni.” Langoni alikuwapo kenge mkubwa aliyezuia njia. Wapiganaji wengi walikuwa wameishia hapo.

Ijumaa ile nikakaa peke yangu, alama ishirini mkononi. Nikasoma tena maelezo ya yule kenge, taratibu, kamusi pembeni. Ngozi yake ilikuwa nene: kila pigo limpatalo linapungua nne. Nikarudia hesabu na jasho likanitoka. Mapigo matano ya mkuki, kila moja sasa mbili tu, ni kumi. Mapigo mawili ya shoka, kila moja nane, ni kumi na sita. Mkuki ulikuwa bora kwa maadui wote duniani isipokuwa huyu. Nilijua pia kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua. Tulikuwa tumekubaliana, na Kipanga akifa nitasema ni bahati mbaya. Nikisema, nitachekwa mpaka shule nzima isikie. Lakini katika mji ule sikuwa na rafiki mwingine wa kumdanganya. Sikugusa alama hata moja.

Athumani akarudi na kanzu yake, ananukia udi. Nikamwambia nimekosea, shoka ndilo.

“Rudia.”

“Nimekosea.”

“Rudia tena, mjomba hajasikia.”

“Nimekosea, shikamoo!”

“Marahaba,” akajibu, akavuta kiti. Tukaziweka alama zote kwenye shoka tukaingia langoni. Pigo la kwanza likakosa. La pili likakosa. La tatu likampata kenge, tukaruka juu. La nne, la tano, la sita, yote hewani. Kisha maandishi yakatuambia, kwa upole kabisa, kwamba Kipanga amefariki.

Nilisubiri alaumu. Mzee Bakari akatupa pole, akauliza maziko ni saa ngapi. Athumani akasema, “Hesabu ni nzuri. Dadu ndiyo mbaya.”

Nimeishi miji mingi tangu hapo. Haya ninayaandika Mtwara, na mwakani sijui nitakuwa wapi. Siku hizi vijana wa jirani yangu hucheza michezo hiyo kwenye simu, na zipo kurasa za kuwaambia mpiganaji gani ni bora, hesabu imekwisha kufanywa. Siwaonei wivu. Nimewahi kupima vizuri nikaangukia pabaya, katika biashara na hata katika ndoa, na kila mara nimejiuliza kwanza kama hesabu ndiyo ilikuwa mbovu au dadu. Mara nyingine ilikuwa hesabu, nikakiri. Hilo nililipata bure katika duka lile, na bado nashukuru.

Mkataba wa baba ulikwisha, tukaondoka asubuhi ya Jumatatu. Athumani alikuja stendi na sare za shule, akijua atachelewa kipindi. Aliniambia kwamba jana yake, nilipokuwa kanisani kwa mara ya mwisho, alianzisha mpiganaji mpya.

“Umempa nini?” nikauliza.

Akatazama kando. “Mkuki.”