Baba Hakuwa Amemaliza Kunisalimia

Nimekosa jamani, na sina wa kumsingizia. Mdomo wangu mwenyewe ndio ulioniponza.

Wakimbizi walipofurika kambini Benaco, nilipata kazi kwenye shirika moja la misaada. Binti wa Rulenge, nikakabidhiwa simu ya upepo. Weee, nilijiona! Kutwa nzima ni "Maji yameisha, ova. Lori limekwama, ova." Nikazoea, hata nikienda nyumbani naongea hivyo hivyo kama natoa amri.

Siku moja nikasikia sauti ya baba. Mzee yule hakuwahi kuishika simu ile maishani. Kwetu Wahangaza habari nzito huletwa na mtu, mkakaa, mkasalimiana kwanza. Lakini barabara ilikuwa imejaa watu na malori, akashindwa kunifuata, ndipo akaenda parokiani kuomba simu yao.

"Mwanangu, umeamkaje huko?"

"Shikamoo baba. Salama, ova."

"Marahaba. Na hao unaofanya nao kazi, wazima? Huku mvua imenyesha. Upepo umeangusha migomba ya nyuma ya nyumba, ila ng'ombe..."

Wenzangu wakaanza kucheka. Mmoja akamwigiza. Aibu ilinishika! Nikabonyeza kitufe: "Baba, kuna watu wanasubiri hapa. Sema shida yako kwa kifupi, ova!"

Kisha akasema taratibu, "Basi mwanangu, hakuna shida. Fanya kazi."

Nami nikafurahi! Eti mzee kaelewa.

Kumbe mama alikuwa hoi hospitalini, ananiita mimi. Baba alikuwa njiani kulifikia hilo. Ndivyo alivyolelewa, jambo kama lile humtupii mtoto usoni. Mimi nilikuja kuambiwa na dereva aliyetoka Rulenge: "Dada, pole na msiba." Msiba gani? Mama alikuwa ameshazikwa.

Nilifika nyumbani nikamlilia baba, "Kwa nini hukuniambia?"

Akanijibu, "Ningekuambiaje, mwanangu, na sijamaliza kukusalimia?"

Jamani!

Sasa wakimbizi wamerudi kwao, kazi imekwisha, nipo nyumbani. Baba anaumwa kifua. Namwamkia kila asubuhi, namuuliza mvua, namuuliza ndizi, nakaa nikisubiri. Ananijibu neno moja, anageukia ukutani. Nimemwomba msamaha mpaka nimechoka, anasema alishanisamehe. Lakini haongei!

Juzi alikuja jirani yetu, mzee mwenzake. Walianza na mbegu za maharage, wakaenda kwa ng'ombe, wakacheka, wakakohoa. Mimi nikiwa jikoni namenya ndizi, nikamsikia baba akimweleza mahali anapotaka azikwe.

Nawaomba vijana wenzangu, mzee akianza na mvua, muacheni. Msimkatishe, atafika mwenyewe anapokwenda. Mimi nimeshaharibu na sijui nitengeneze vipi. Ya baba yangu siku hizi namuuliza jirani.