Kidari cha Bwana Masharubu

Baba yetu, Phineas Wepukhulu, tulimzika Jumamosi iliyopita. Yaliyosomwa kanisani yote yalikuwa kweli: alizaliwa karibu na Kimilili, akabatizwa akiwa mtu mzima, akawa mpishi kwenye mashamba ya walowezi hadi nguvu zilipomwishia. Habari za kidari hazikusomwa, ingawa bila kidari hicho sisi watoto wake hatungezaliwa Eldoret, na huenda hatungezaliwa kabisa.

Mwaka wa 1934 alikuwa akimpikia Kaburu mmoja upande wa Sergoit, karibu na Eldoret, ambaye wafanyakazi walimwita Masharubu. Mama yetu, Nangila, alikuwa bado kwa wazazi wake Kimilili. Mahari ilikuwa imetolewa, lakini Masharubu hakuruhusu mpishi kuishi na mke shambani. Wazee wa kwao Mama walikuwa wameanza kuuliza binti yao anamngoja nani.

Mwaka huo Masharubu alitengenezewa tanuri la moshi huko mjini: pipa la chuma lililolazwa, lenye mfuniko juu na mahali pa moto ubavuni. Alitaka kidari cha ng'ombe kama alichokula kwa binamu yake. Pale shambani hakuna aliyewahi kukipika hivyo. Akamwagiza Baba moto uwe mdogo, nyama ikae moshini tangu alfajiri hadi jioni, na mfuniko usifunguliwe ovyo. Kikifaa, mke aje. Kisipofaa, Baba asimtajie tena habari za mke. Kisha akaenda zake mnadani.

Baba aliipaka nyama chumvi na pilipili, akawasha moto kwa vipande vya mutarakwa, ule mwerezi wa nguzo, vilivyobaki kwenye kazi ya ua, maana vilikuwa vikavu na viko karibu. Kipyego, mkamuaji wa ng'ombe, aliisikia harufu akiwa zizini, akaja.

"Phineas, unapika nyama au unajenga boma?"

Alimweleza kwamba moshi wa mti ule ungeifanya nyama iwe chungu. Akamletea kuni za mzeituni wa porini, ambao kwao huutumia kusafishia vibuyu vya maziwa. Baba akaondoa makaa yote, akaanza upya.

Mchana ulipopita, nyama ilikuwa nyeusi nje na ngumu kama soli. Aliichoma kisu, kisu kikagoma. Akasali, akangoja, akaichoma tena. Ilikuwa vile vile. Baba alikuwa mtu wa imani, lakini pia alikuwa mpishi, na kwa mpishi wa kwetu nyama ngumu ina dawa moja tu. Akakata kidari katikati. Nusu moja akairudisha moshini, nusu ya pili akaitia kwenye sufuria ya maji.

Kipyego alicheka mpaka akaketi. Alisema watu wa Kimilili wakishaona sufuria huwa wamefika nyumbani.

Jioni ile nusu ya moshini ililegea yenyewe. Masharubu alirudi, akala kipande, akala kingine. Halafu akauliza nusu ya pili iko wapi.

"Iko kwenye sufuria, Bwana."

"Kwa nini?"

"Ilikataa kuiva, nikaogopa. Nataka mke wangu aje."

Masharubu alijikatia kipande cha tatu. Alisema ya sufuria ni ya wafanyakazi, yeye hataki hata kuiona. Kisha, akijifuta mdomo, akasema mwanamke aje, mradi siku nyingine kidari kisikatwe.

Kesho yake Walubengo, jirani yao wa Kimilili, alikuwa anapanda treni kwenda nyumbani. Baba alimpa ile nyama ya kuchemsha, imefungwa kwa kitambaa safi, pamoja na ujumbe. Mama aliila na wazazi wake, akaja kabla mahindi hayajavunwa.

Baadaye Baba alipika kidari cha moshi miaka mingi, na wageni walitoka mbali kukila. Mama hakuwahi kukionja. Kilikuwa cha meza ya Bwana, na Baba hakuwa mtu wa kugusa cha wenyewe.

Ijumaa, siku moja kabla ya mazishi, tulichinja fahali. Ndugu yangu Kituyi alitaka kumheshimu Baba, akachimba shimo la moshi. Kuni za mzeituni zililetwa na Mzee Kipyego mwenyewe. Kituyi akamwuliza Mama kidari kikae moshini kwa muda gani.

Mama hakuinua uso.

"Chemsheni," alisema. "Mimi niliitwa na ya sufuria."

Mzee Kipyego aliziweka kuni chini, akaenda kutafuta sufuria kubwa.