Mfuko Juu ya Kisanduku

Zamani mtaa wa viwanda ulilindwa na pua ya mtu mmoja. Siku hizi unalindwa na visanduku vilivyofungwa kwenye magari ya taka, vinavyopima hewa huku vikizunguka na kutuma majibu kwenye simu za watu.

Mwenye pua aliitwa Mzee Pua, na jina halikumuudhi. Miaka thelathini na moja alilipwa kupita nyuma ya viwanda kila asubuhi, akinusa, kisha akiandika kwa chaki ubaoni: salama, au ondokeni. Vilipokuja visanduku, akaambiwa akapumzike.

Binti yake alipanga vyumba viwili nyuma ya karakana ya kuyeyusha betri. Mjukuu wa miaka miwili alikuwa haachi kukohoa.

"Hameni, mwanangu. Hewa hii ina ladha ya msumari."

"Baba nawe! Simu inaonyesha kijani tupu. Sema tu unakionea wivu kisanduku."

Mkwewe akajifanya anakohoa ili asicheke.

Alhamisi mzee akalifuata gari la taka kwa miguu. Lilipokaribia karakana, dereva akashuka, akakivisha kisanduku mfuko wa plastiki, akaukaza kwa mpira.

"Bwana, unafanya nini?"

"Nakitunza, mzee wangu. Vumbi la hapa ni baya, litakiua. Na tumetiliana saini: kikifa, kimefia mikononi mwangu."

"Na hapo ndani kinapima nini?"

Dereva akautazama mfuko kama anauona mara ya kwanza.

"Mimi niliambiwa nikitunze," akasema polepole. "Habari ya kunusa sikuambiwa."

Akauvua. Hawajafika mwisho wa ukuta, simu za mtaa mzima zikawa nyekundu.

Jioni binti akaja mwenyewe. "Tunahama, Baba."

Mzee alikuwa ameshapaka chokaa chumba chake cha pili. Akamwonyesha. Binti akakitazama, akainamisha macho: mumewe alikuwa na kaka yake, mwendo wa siku mbili kutoka hapo, aliyekuwa amemwahidi kazi. Kilichokuwa kikiwazuia kuhama ni ile kijani ya kwenye simu.

Wakaondoka Jumapili kwa lori, na mizigo yao yote. Mjukuu alilala kifuani kwa mama yake juu ya magodoro, midomo wazi, akipumua. Lori lilipoanza kutembea, binti akapaza sauti, "Baba, rudi ndani, vumbi hilo!" Mzee akabaki pale pale barabarani. Hakuwaona tena maishani.