Nilikutana na kiti cha babu makumbusho Dar, kaka yangu akaniomba nimsomee kadi

Wakuu, habari za humu ndani.

Miaka mingi nimekuwa msomaji wa pembeni tu, nacheka na nyie kimyakimya. Leo natua mzigo. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea. Anayetafuta chai apite uzi wa jirani.

Mimi ni mtu wa Nkoma. Siku hizi ni Itilima, enzi hizo ilikuwa Bariadi tu, na Bariadi yenyewe iko Mkoa wa Shinyanga.

Miaka ile waliporuhusiwa wanunuzi binafsi wa pamba, kijiji kilichangamka ghafla. Tulizoea ushirika peke yake, mara tunaona malori ya kila rangi. Nilikuwa nimemaliza form four, nikapata kazi ya kupima pamba kwa mnunuzi mmoja.

Siku moja bosi alikuja na mgeni. Huyu mgeni hakuwa na haja na pamba. Alitaka vitu vya kale: vibuyu, mikuki, viti vya wazee. Ukimpa, anakupa kitu cha dukani.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri.

Babu yetu alikuwa mganga. Alipofariki, kiti chake cha miguu mitatu, kwetu tunaita isumbi, kilibaki kwenye kibanda cha masamva, yaani wahenga wa ukoo. Mle unaingia pekupeku, na kile kiti hakuna anayekikalia.

Mimi nikakitoa mchana kweupe, watu wako shamba, nikakifunga kwenye gunia la pamba. Mgeni akaandika kwenye daftari lake kuwa ni cha babu yangu mganga, nikapewa redio kaseti ya spika mbili. Nyumbani nikasema bosi amenizawadia.

Ujana ni ugonjwa, wakuu. Nilijiona mjanja kuliko ukoo mzima.

Baada ya wiki mbili mama akaanza kuumwa. Wazee wakaingia kibandani kutambika, kiti hakuna. Mganga wa kupiga ramli akasema kiti kimeingia motoni.

Macho yote yakamgeukia shemeji yangu Kabula, mke wa kaka Masunga. Kabula alikuwa ameokoka, na aliwahi kusema hadharani kwamba vitu vya kibandani vinafaa kuchomwa. Akalia, akaapa kwa Mungu wake, hakuna aliyemsikia. Wazee wakamrudisha kwao Kalemela na mtoto wake wa kike mgongoni.

Mimi nilikuwepo kwenye kile kikao. Nilikaa karibu na mlango. Kila mzee alipokohoa nilijua sasa nimeitwa mimi.

Sikusema kitu. Mwanzoni nilimuogopa baba na fimbo yake. Baadaye nikawaogopa masamva, maana ng'ombe akiharisha tu najua ni mimi. Lakini niliyemuogopa zaidi ni Masunga, kwa sababu hakuoa tena. Ananiona asubuhi, "Mwangaluka," halafu anakaa kimya mpaka jioni.

Na mjue jambo moja. Masunga hajasoma. Nyumba yetu ilihitaji mtu mmoja wa kuchunga, mwingine aende shule. Yeye ndiye aliyechunga.

Ikapita miaka kama minane. Mama alishapona, baba ameshafariki. Simu za mkononi ndiyo zinaanza kushika mjini. Mwaka huo pamba ilikubali, nikamwambia kaka twende Dar tukapumzike siku nne, nikuoneshe mji. Nadhani nilikuwa najaribu kumlipa kitu fulani bila kukitaja.

Siku ya kwanza tukaingia nyumba moja ya picha za kuchora. Kaka akasimama mbele ya picha ya ng'ombe, akatikisa kichwa.

"Huyu aliyechora hajawahi kukamua," akasema. "Angalia matiti yalipokaa."

Tulicheka sana. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka naye vile kwa muda mrefu.

Siku ya pili tukaenda makumbusho. Jina naliacha, wao hawana kosa. Chumba cha kwanza silaha, cha pili ngoma. Kaka anatembea mikono nyuma, anafurahi kama mtu aliyealikwa.

Chumba cha tatu, viti.

Nilikiona kabla yake. Kiko juu ya kijukwaa, kamba imezungushwa. Mguu mmoja umefungwa waya wa shaba, maana ndama aliwahi kuukanyaga ukapasuka, na aliyeufunga ni Masunga mwenyewe akiwa mdogo. Babu alimsifia kwa kazi ile mpaka anakufa.

Nikamshika mkono, nikamwambia kaka tutoke, tumbo limenikamata.

"Subiri," akasema.

Alikuwa ameshakiona. Akavua viatu. Watu wanapita na kamera zao wanamshangaa, yeye akasimama pekupeku kwenye sakafu ya vigae, akanyoosha mkono aguse ule waya.

"Mzee, haturuhusu kugusa," mlinzi akamwambia.

"Huu waya nilifunga mimi," kaka akajibu kwa upole, akarudisha mkono.

Mlinzi hakuelewa, akatuacha.

Chini ya kiti kulikuwa na kadi imeandikwa Kiswahili. Kaka akainyooshea kidole.

"Maduhu, nisomee."

Nikasoma: "Kiti cha mganga. Nkoma."

Nikaishia hapo.

Kaka akainama, akaitazama ile kadi. Mtu aliyechunga maisha yake yote anahesabu kwa jicho, hata kundi likiwa linatembea.

"Mistari ni mitatu," akasema. "Umesoma miwili."

Nilitaka kutunga kitu pale. Naapa nilitaka, na uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa ananiangalia kama anavyomwangalia mtu anayemsomea barua, kwa kuniamini kabisa, na ule usomaji alinipa yeye. Nikashindwa.

Nikasoma: "Kilitolewa na mjukuu wa mwenyewe."

Wajukuu wa kiume tuko wawili tu.

Nilisubiri kofi. Nilisubiri anikabe pale pale mbele ya mlinzi, na ningeshukuru. Hakunigusa. Akakaa chini sakafuni, akashika viatu vyake mapajani.

"Kumbe Kabula hakukichoma," akasema.

Hakuuliza habari za kiti, hakuuliza kwa nini. Njia nzima ya kurudi hakunisemesha, na mimi niliogopa hata kupiga chafya. Tulipofika Bariadi stendi ndipo akafungua mdomo.

"Nyumbani usije. Nenda Kalemela ukamwambie kwa mdomo wako. Mimi nitakuja nyuma yako."

Nikaenda. Nilimkuta Kabula anaanika dagaa, amekonda, nywele zimeanza mvi na umri wake siyo wa mvi. Binti yake alikuwa shule. Akaniletea kigoda, akasema, "Karibu shemeji, kaa." Sikukaa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama.

Alisikiliza mpaka mwisho huku anageuza dagaa.

"Ulibadilisha na nini?" akauliza.

"Redio."

"Ile ya spika mbili?"

"Ndiyo, shemeji."

Mikono yake ikasimama.

"Betri zake zilipokuwa zinakufa," akasema, "nilikuwa nakuanikia juani mimi. Ili usikose mpira."

Akarudi kwenye dagaa zake. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa makumbusho, kwa sababu hakulia wala hakunitukana, na sikuwa na pa kushika.

Masunga alikuja baada ya wiki. Kabula alimpa maji, akampa kigoda, wakaongea vizuri. Akamruhusu binti awe anakuja Nkoma likizo. Yeye mwenyewe alikataa kurudi. Alisema pale kwao wanamwamini.

Kiti bado kiko Dar. Kaka hataki tukidai. Anasema pale angalau kina kadi inayosema ukweli.

Nilichojifunza: nilidhani kosa langu ni kutoa kile kiti. Kosa langu ni kile kikao, mimi nimekaa karibu na mlango, mdomo nao nikiwa nao.

Mpaka leo nikiona betri zimeanikwa juani kwenye bati la mtu, napita haraka.

Karibuni mseme, hata kunitukana ni sawa. Ila kama na wewe kuna mtu amebeba kosa lako sasa hivi unaposoma hapa, acha kunijibu mimi. Mpigie yeye kwanza.