Mwandishi Aliyetuuliza Habari za Nguruwe

Mume wangu alikuwa karani katika idara ya kilimo, na kila Jumapili alikuwa msasi, mwindaji wa nguruwe. Ukimuuliza yeye, angeanza na usasi, kisha akataja ukarani kama jambo lililomjia njiani. Katika miaka ile ya hamsini nguruwe mwitu walikuwa wakimaliza mihogo ya watu upande wa kusini wa Unguja. Wanaume wa mjini walikusanyika alfajiri na mbwa, mikuki na bunduki moja mbili, wakaenda kuwasaidia wenye mashamba. Nyama hakuna aliyeigusa. Mume wangu akirudi alasiri alibaki uani, akajiosha mikono na miguu mara saba, mara moja kwa udongo, kwa ajili ya mbwa, ndipo akapita ndani.

Mimi nilikuwa mwalimu wa skuli ya wasichana, na nyumba yetu ilikuwa Kiponda. Kiingereza nilikisoma hapo hapo skuli na nikakipenda, lakini sikuwa na wa kuzungumza naye wala kitabu kipya cha kusoma. Siku moja mume wangu akaja na fungu la majarida aliyopewa na Mzungu mkubwa wake kazini. Yalikuwa majarida ya bunduki na uwindaji, yanakuja kwa meli, na yule bwana akishayasoma alikuwa hana haja nayo. Mume wangu Kiingereza chake kilikuwa cha barua za ofisi. Akaniomba nimsomee.

Nilidhani ni upuuzi mtupu. Nikamsomea kurasa mbili kwa ajili ya kumridhisha, naye kesho yake akawasimulia wenzake, na Ijumaa iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, wenzake wakaja. Walikaa ukumbini juu ya busati, mimi nikakaa chumba cha ndani nyuma ya pazia, karibu na dirisha. Nilisoma kimoyomoyo kwa Kiingereza, nikatoa kwa Kiswahili. Mwanzo sauti yangu ilikwama, maana sikuzoea kusikilizwa na wanaume. Baadaye nikasahau kama wako.

Waliokuja kila Ijumaa ni wawili. Mmoja ni kiongozi wao wa msafara, mzee wa Makunduchi aliyehamia mjini zamani, mwashi kwa kazi, mguu wake wa kulia una kovu refu la chonge la nguruwe. Wa pili ni fundi wa bunduki, mtu mwembamba mwenye duka dogo upande wa Malindi, anayetengeneza pia kufuli na cherehani. Majina ya waandishi yaliwatatiza ulimi, basi wakawabatiza wenyewe. Mmoja aliandika habari za mitutu, uzito wa risasi na urefu wa kitako, na fundi akampenda kwa dhati. Huyo wakamwita Bwana Mizani. Mwingine kila makala yake aliianza kwa mnyama aliyemkosa. Huyo wakamwita Nimekosa.

Fundi hakumwona Nimekosa kuwa ni mtu wa maana. Alisema mtu anayekosa kila siku hana la kumfundisha mwenziwe. Mzee hakubishana naye. Alisikiliza tu, na nilipofika mwisho wa makala aliniomba nirudie mahali fulani, akinitajia maneno yenyewe kama nilivyoyasema.

Nakumbuka siku moja nilisoma makala ya Nimekosa kuhusu nyati aliyemjeruhi. Aliandika kwamba mnyama akishapigwa na kuingia kichakani, mwindaji asimfuate. Na aketi chini, ajaze kiko chake, avute mpaka kiishe, ndipo asimame kufuata damu. Akaeleza kwamba yeye mwenyewe ujanani hakuketi, na aliyelipa ni mwenzake. Hakusema mwenzake alifanywa nini. Aliandika tu kwamba njia ya kurudi ilikuwa ndefu, na kwamba yeye ndiye aliyebeba kofia mbili.

Nilipotamka hizo kofia mbili, nikaacha kusoma. Mtu nisiyemjua, wa nchi niliyoiona kwenye ramani ya skuli tu, alikuwa ameweka kofia mbili mkononi mwake, na sisi wanne huku Kiponda zimetuelemea.

Mzee akauliza kwa sauti ya chini, "Shemegi, huyu bwana yu hai?"

Nikamjibu kuwa makala ni ya miezi mitatu iliyopita, naona yu hai.

"Basi haya alonambia leo, ningeambiwa miaka thalathini nyuma, mguu wangu ungekuwa mzima."

Mwezi haukupita, wakaenda kusasa karibu na Kizimkazi. Huko ardhi ni mawe matupu yenye ncha, na vichaka vimeota ndani ya nyufa. Mume wangu alikuwa na bunduki ya marisau, akampiga dume kubwa ubavuni, likaingia kichakani. Mbwa wakabweka kisha wakanyamaza. Fundi alikwisha nyanyua mkuki kulifuata, na mume wangu pia, aliniambia, miguu ilikuwa inamwasha. Mzee akaketi juu ya jiwe. Wakamtazama, wakaelewa, wakaketi na wao. Hakuna aliyekuwa na kiko, wakatafuna tambuu.

Walipoinuka na kwenda polepole, walilikuta dume limekufa hatua kumi ndani ya kichaka. Lilikuwa limejigeuza, limelala kichwa kikielekea njia waliyoingilia, chonge nje. Lilikuwa likiwasubiri. Fundi alikaa chini tena.

Ijumaa ile hawakutaka nisome. Walitaka nimwandikie Nimekosa. Mume wangu alipendekeza tumshukuru kwa heshima zote, na fundi akataka nitaje aina ya bunduki. Nikamuuliza mzee yeye anataka kusema nini.

"Mwambie tuliketi," akasema.

Nikaandika barua ya ukurasa mmoja. Nikaeleza sisi ni nani: wanaume watatu wanaosasa, na mwanamke mmoja anayewasomea. Nikaeleza lile dume. Nikamalizia na maneno ya mzee kama yalivyo. Mume wangu akaipeleka posta kwa anwani ya jarida. Sikutarajia kitu. Ilikuwa kama kumpungia mkono mtu aliye kwenye meli iliyokwisha tia nanga nchi nyingine.

Baada ya miezi mitano hivi, mume wangu akarudi kutoka kazini na bahasha. Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa mkono unaotetemeka. Nilisoma kwanza peke yangu, kisha nikasoma tena. Yule bwana hakujisifu wala hakutupa mawaidha. Aliandika kwamba barua yetu ameiweka mezani kwake, halafu akauliza maswali. Yalijaa kurasa tatu. Nguruwe wa kisiwani wana rangi gani? Wanakula muhogo wenyewe au na majani? Mbwa wanaitwaje wakiwa mbali? Dini yetu inasemaje kuhusu mbwa, na sisi tunafanyaje? Mawe hayo tunayakanyaga kwa viatu gani? Mwisho kabisa aliniuliza mimi: ninapowasomea, ni neno gani la Kiingereza linalonishinda kulitia katika lugha yetu?

Niliwasomea wanaume. Mzee alipigwa na butwaa. Kwake yeye huyu bwana alikuwa anajua kila kitu.

"Anatuuliza sisi?" akasema. "Mtu kama yule anatuuliza sisi?"

Wakaanza kunijibia wote kwa pamoja, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hawakubaliani. Mume wangu alisema mbwa huitwa kwa pembe, fundi akasema kwa mbinja za midomo, mzee akasema inategemea kama wameona damu. Nikawaambia sitaandika nisichokijua. Nilikuwa sijapata kuona usasi hata siku moja. Mume wangu akafikiri, kisha akasema, "Basi Jumapili twende wote."

Tukaenda kwa gari ya shamba, mimi nikashushwa kijijini kwa Bi mmoja mwenye shamba. Nikamwamkia shikamoo, akaniitika marahaba, akanishika mkono kunipeleka moja kwa moja kwenye muhogo wake. Sikuwa nimefahamu. Nilidhani nguruwe huuma hapa na pale. Lile shamba lilikuwa limefukuliwa lote, mashina yamelala, mizizi imetafunwa nusu na kuachwa. Bi akaniambia alipanda mara mbili mwaka ule. Alikuwa akilinda kwa kupiga debe, mpaka mkono ukamvimba.

Tukaketi kibarazani pake. Kutoka mbali msituni nikasikia pembe, sauti nzito inayokatika, kisha njuga za mbwa, kisha watu wanaitana kwa namna ambayo sikujua kuwa mume wangu anaweza kuita. Bi alinieleza kila sauti. Hii wamewafungua mbwa. Hii wamepoteza njia. Hii wameona. Yeye hakuwa amewahi kushika mkuki, lakini alikuwa akiusoma usasi mzima kwa masikio, na mimi nikiandika kwenye daftari langu la skuli mpaka kalamu ya risasi ikaisha ncha, Bi akaichonga kwa kisu chake cha jikoni.

Barua yangu ya pili ilikuwa na kurasa kumi na moja. Kuhusu neno lililonishinda, nilimwandikia kwamba kwao lipo neno moja, "game", la mnyama anayewindwa, lenye maana kama ya mchezo, na sisi kwetu hatuna, kwa sababu nguruwe kwa Bi yule si mchezo.

Baada ya hapo kimya kirefu. Tukaendelea na Ijumaa zetu. Kisha siku moja, saa za jioni kabla ya magharibi, mlango ukabishwa, na aliyesimama nje ni yule Mzungu wa idara ya kilimo mwenyewe. Hakuwahi kufika kwetu. Alikuwa na jarida mkononi, kidole kimeingizwa katikati ya kurasa. Alimuuliza mume wangu kama ni yeye. Mume wangu hakufahamu anaulizwa nini, akajibu kwa adabu kuwa ni yeye. Yule bwana akampa jarida, akaaga. Miaka yote ile alikuwa akitupatia majarida bila kuuliza tunayafanyia nini.

Hatukungoja Ijumaa. Mume wangu akawafuata wenzake, na walipokwisha kusali magharibi wakaketi. Nikaanza kusoma, na kwa mara ya kwanza nilisoma nikiwa nimelivuta pazia kando, maana nilitaka kuona nyuso zao.

Makala yote ilikuwa ni sisi. Nimekosa alianza kama kawaida yake kwa kukosa, lakini safari hii alisema alichokosa ni kufika katika kisiwa kimoja. Kisha akakieleza. Mawe yenye ncha, makubadhi yanayokatika, mbwa wenye njuga, maji mara saba na udongo mara moja. Akamwelezea Bi kibarazani anayesoma msitu kwa masikio. Akamwelezea fundi ambaye ameirudisha hai bunduki iliyokwisha tupwa, akasema angeuamini mkono ule kwa maisha yake. Akaandika kwamba yeye maisha yake yote ameua wanyama kwa raha, na hawa wanaua wasichokula ili jirani yao apate kula. Hakuongeza neno juu ya hilo. Sentensi iliyofuata ilikuwa ya mzee: "Mwambie tuliketi." Akasema katika barua zote alizopata, hiyo ndiyo aliyoitaka.

Fundi aliinamisha kichwa. Akaniomba nirudie pale pa mkono wake. Nikarudia mara tatu.

Mzee hakuuliza habari zake mwenyewe. Aliuliza, "Huyu amepata kufika kwetu?"

"Hajafika, mzee."

"Basi kayaonaje?"

Kwa kweli mimi ndiye niliyemwandikia mambo yote yale, lakini kurasa zangu kumi na moja hazikuwa hivi. Mambo niliyoyapanga kama vyombo kabatini, yeye ameyatia uhai, na nilipokuwa nikisoma nilimwona Bi wa kijijini kwa uwazi zaidi kuliko siku nilipoketi naye. Nikasema, "Aliuliza, mzee. Halafu akasikiliza." Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa kazi ya mwashi mwenziwe na hapati pa kuitia kasoro.

Tuliandikiana naye mara mbili tena. Kisha yule Mzungu akahamishwa nchi nyingine, na majarida yakakoma. Barua yangu ya mwisho haikujibiwa, na sikupata kujua kama ilimfika, wala kama alikuwapo wa kufikiwa. Wanaume waliendelea kuja Ijumaa kwa muda, wakawa wanazungumza wenyewe.

Mwaka huo huo darasani kwangu niliacha kuwapa wasichana mada za insha kama zilizokuwa kwenye kitabu cha skuli. Nikawaambia kila mmoja aende nyumbani, amtafute mtu anayejua kazi asiyoijua yeye, amuulize maswali kumi, na asiandike asichoambiwa. Walinung'unika sana. Jumatatu wakarudi na madaftari yamejaa: kusuka kamba za makumbi, kutengeneza wanja, kushona kofia. Nilikaa nayo mezani mpaka wakati wa chakula ukanipita, nikiyasoma moja baada ya jingine, na sikuweza kusahihisha hata ukurasa mmoja.