Jezi Namba Kumi Iliyofukizwa Udi

Enzi zetu, sisi tuliokulia mtaa ule wa Mawaleh, siku ya Alkhamisi tuliijua kwa pua. Kabla hujafika mlangoni kwetu ulishasikia harufu ya sabuni ya unga, kisha pasi ya moto juu ya kitambaa, kisha udi. Mama yangu ndiye aliyekuwa akifua jezi za timu ya mtaa. Alizifua kwa mkono kwenye beseni, akazianika juu ya dari, ambako jua la Maskati hukausha nguo kabla hujamaliza kuzitundika, akazipiga pasi, kisha akazitandaza moja moja juu ya kile kiunzi cha vijiti cha kufukizia nguo, na chini yake chetezo kinatoa moshi. Kwake yeye nguo ya kutokea mbele za watu haiendi bila ya udi, iwe ya harusi, iwe ya mpira. Watu wa Yiti, tuliokuwa tukishindana nao sana, walituita timu ya maharusi. Walitucheka kwa Kiarabu, nasi tukawarudishia kwa Kiswahili, tukatukana kwa raha zetu maana walikuwa hawaelewi neno.

Wazee wetu walikuwa wametoka Unguja, na katika vitu walivyokuja navyo, ukiacha mbuzi ya kukunia nazi na dele la kahawa, kikubwa kilikuwa ubishi wa mpira. Skuli tulisoma Kiarabu na tulichekwa kwa lafdhi yetu, lakini tukirudi nyumbani ilikuwa Kiswahili, mkate wa kumimina, na wazee wanabishana. Kiwanja kilikuwa ndani ya wadi, yaani bonde la mto uliokauka, changarawe tupu, na magoli ya mabomba yaliyookotwa penye ujenzi. Mvua ikinyesha milimani, wadi ikija, kiwanja kilikwenda na maji, tukaanza upya kuokota mawe. Hakuna mtoto wa rika langu asiye na kovu la goti. Vijana wa leo wanakodi viwanja vya nyasi za plastiki vyenye mataa, na mmoja akianguka wanasimamisha mchezo kuangalia kama viatu vimechubuka.

Kocha hatukuwa naye. Timu ilipangwa na baraza. Kila Alkhamisi baada ya Alasiri wanaume walikaa kwenye mikeka nje ya nyumba yetu, kahawa inazunguka, sahani ya haluwa katikati, na jina moja moja linatajwa, linatetewa, linapondwa, mpaka wapatikane kumi na moja. Baba yangu, Bwana Salim, alikuwa na neno la mwisho, kwa sababu ujanani mwake alikuwa nahodha huko Unguja na kwa sababu hakuna aliyewahi kumshuku kwa upendeleo. Wakishamaliza, jezi zilipangwa kwenye sinia, zikafunikwa kawa kama chakula, zikapelekwa nyumba kwa nyumba. Sinia likiingia kwenu, basi kijana wenu anaanza. Wa akiba hawakuletewa kitu. Hao walisubiri pembeni ya kiwanja na fulana zao za nyumbani, na wakiingizwa walivaa jezi inayovuliwa mwilini mwa anayetoka, imelowa jasho chapachapa.

Kaka yangu Mahfudh alikuwa wa akiba. Alicheza nafasi ile ya mchezeshaji, namba kumi, na jezi ya namba kumi ilikuwa moja tu, na mwenyewe alikuwa Ami Sudi. Ami Sudi tulimpenda sote. Alikuwa mtu mzima tayari, ana tumbo na ana watoto, lakini alikuwa na jina tangu Unguja, na mguu wake wa kushoto ulikuwa bado unajua kazi. Kaka yangu ndiyo kwanza amemaliza skuli. Alikuwa mwembamba, mpole, anatembea ameinamisha kichwa, na mpira aliupiga pale ambapo mwenzake angepaswa kuwepo, siyo pale alipo. Mwenzake akichelewa, mpira ulitoka nje, na baraza zima likashika vichwa. Mzee mmoja alikuwa akiuliza kila mara, "Anampa nani yule, jini?"

Wenzangu wa rika mnakumbuka ubishi ule. Nusu ya baraza ilisema mtoto bado anajifunza, atatutia aibu mbele ya watu wa Yiti. Nusu ilisema atajifunzia wapi, jikoni kwa mamake? Walibishana mpaka kahawa ikapoa, wakapakana kila tusi linaloruhusiwa baina ya watu wenye heshima zao, kisha ikaadhiniwa Magharibi, wakasimama safu moja, bega kwa bega, na kesho yake mke wa huyu akaja kuazima mbuzi ya nazi kwa mke wa yule. Siku hizi wanangu wakibishana na mtu kuhusu mpira wanamfungia kwenye simu, na mtu mwenyewe hata hawajawahi kumuona.

Sisi wanawake tuliyasikia yote kutoka dirishani. Mama aliendelea na chetezo chake. Kila wiki aliifukiza namba kumi kwa mikono yake, akaiweka kwenye sinia, na sinia likapita mlango wa chumba cha mwanawe kwenda nyumba ya mtu mwengine. Sijapata kumsikia akilalamika. Ila niligundua kwamba jezi ile aliiacha kwenye moshi muda mrefu kuliko zote.

Na Baba je? Baba kila mara alisema bado. Walipogawanyika sawa, aliegemea kwa Sudi. Walipoelekea kumkubali mtoto, alisema tumpe muda. Ndani ya nyumba hakulizungumza kabisa. Lakini mimi nilikuwa nikimfuata kila anapokwenda, na najua kwamba jioni nyingi, tukitoka kununua mkate, alizunguka njia ndefu ya kupita wadi, akasimamisha gari mbali kidogo, injini inawaka, akaangalia vijana wanavyofanya mazoezi. Siku moja Mahfudh aliupenyeza mpira katikati ya watu kama anayetia uzi kwenye sindano, na Baba akapiga usukani kwa kiganja, akasema taratibu, "Huyu anaona. Huyu anaona kabla ya wenziwe." Akanitazama, akaniambia yale yasifike nyumbani. Mimi nilikuwa na siri lini? Nilimwambia kaka usiku ule ule. Akacheka, akasema nimeota.

Mwaka huo huo Mahfudh alipata kazi katika kambi ya mafuta, mbali huko jangwani, kazi ya kukaa wiki na wiki bila kurudi. Hakuitaka. Alimwambia Mama, nami nipo nachambua mchele, kwamba Ijumaa ile kuna mchezo na Yiti, wa mwisho wa msimu, na wakimuanzisha basi haendi, atatafuta kazi hapa hapa mjini na abaki na timu. Wasipomuanzisha, atajua kwamba hapa hana nafasi, na Jumamosi atapanda basi. Mama alimuuliza kama amwambie Baba. Kaka akakataa. Alitaka jezi ije yenyewe.

Alkhamisi ile sitoisahau. Mahfudh alikuwa chumbani, mlango uko wazi, anajifanya anasoma. Nje ubishi haukuchukua muda, maana kwa mara ya kwanza haukuwa ubishi. Yule mzee wa jini mwenyewe alisema mtoto sasa keshapevuka, apewe. Mwengine akaunga mkono, na mwengine. Mwisho Ami Sudi akazungumza, akasema magoti yake yamechoka, jezi ile apewe kijana, yeye ataingia akihitajika, tena atafurahi. Dirishani Mama alikuwa ameishika namba kumi mkononi, imeshakunjwa. Lilikuwa limebaki neno la Baba tu.

Baba akasema, "Bado. Asubiri msimu ujao."

Baba hakuwa mtu wa kujibiwa. Nilimwangalia Mama, nikadhani safari hii atasema kitu, atatoka, atagonga hata dirisha. Aliiweka jezi kwenye sinia, akaifunika kawa, akalitoa sinia mlangoni kama wiki zote. Mlango wa chumba cha kaka ukafungwa, polepole, bila kishindo. Hiyo ndiyo ilikuwa hasira yake yote.

Ijumaa tulishinda, na aliyefunga ni Ami Sudi. Nilitamani tufungwe, Mungu anisamehe, ili mtu angalau amlaumu Baba. Tuliposhinda, wazee walimpongeza kwa busara zake, mtaa ukala haluwa, na Jumamosi asubuhi kaka yangu akapanda basi na begi lake la kitambaa. Mama alikuwa amezifukiza nguo zake zote za kazi. Nilisikia baadaye kwamba wenzake wa kambini walimcheka wiki nzima.

Hakucheza tena. Alirudi kwa likizo, akaoa, akajenga nyumba jirani na yetu, akapata wana wawili. Hakumkosea Baba adabu hata siku moja. Alimbusu mkono, alimpeleka hospitali, walizungumza habari za matairi ya gari, za kiyoyozi kilichoharibika, za sukari ya Baba inayopanda na kushuka. Mpira hawakuutaja. Mpira ukiwa kwenye televisheni na Baba akaingia, Mahfudh alikumbuka ana kazi nje. Mama alifariki hali wao wawili wako vile vile, na naamini alikwenda na jambo lile moyoni.

Mwaka huu, baada ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, kumalizika, kaka yangu alilala mchana akiwa mzima na moyo wake ukasimama. Alikuwa ndiyo kwanza amestaafu. Nilidhani Baba, kwa umri wake ule, hatolimudu, lakini aliamka, akataka kanzu yake, akakaa kwenye kiti uani. Nyumba ikajaa watu. Sanda ilipoletwa, kabla ya kupelekwa msikitini kwenye kuosha, aliniita akaniambia nimletee chetezo cha mama yangu. Nilikitoa kabatini. Nikatia makaa, nikatia udi. Wana wa Mahfudh wakaishika sanda huku na huku, wakaitandaza mbele yake, na Baba akakipitisha chetezo chini yake mwenyewe, anakwenda na kurudi, hataki kusaidiwa. Harufu ile ilipopanda nilikaa chini.

Ami Sudi alikuwa ubavuni kwake, na mkongojo, kwani sasa yeye naye ni mzee wa kushikwa mkono. Baba alisema bila ya kuinua kichwa:

"Sudi, siku ile ya Yiti, mwanangu alistahiki kuanza."

"Sote tulikwambia, Bwana Salim."

"Nlikuwa nnamuona. Nlimuona kabla yenu nyote. Nliogopa watu watasema nnampendelea mwanangu."

Ami Sudi akasema, kwa upole, kwa sababu hakuwa na nia ya kumchoma:

"Watu gani, bwana? Watu si ndo tulokuwa sisi?"

Baba aliendelea kufukiza mpaka udi ukaisha juu ya makaa, na watoto wakasimama tu na sanda yao, hawajui waulize nini.

Ijumaa iliyopita vijana walijaa sebuleni kwangu, wanangu na wana wa marehemu kaka yangu, kila mmoja na simu yake, wanagombana juu ya kijana mmoja anayechezea timu ya Uingereza. Wengine wanasema aanze, wengine wanasema bado anajifunza, asubiri msimu ujao. Walipandisha sauti kama wanagombea urithi. Baba alikuwa kwenye kiti chake, nikidhani amesinzia. Akafumbua macho.

"Muanzisheni," akasema.

Wakacheka. Mmoja akamwambia, babu, sisi hatuna kauli huko, kijana mwenyewe hatumjui wala yeye hatujui sisi, tunabishana tu. Baba akawaangalia mmoja mmoja, akarudia neno lile lile kwa sauti ya chini, kisha akafumba macho tena. Wao wakarudi kwenye simu zao. Sikuwalaumu. Ubishi wao haumuumizi mtu, wakizima simu umekwisha, na kijana wa watu huko aliko atalala salama.

Enzi zetu mambo yalikuwa mazuri, nasema kila siku na nitaendelea kusema. Kahawa ilikuwa kahawa, na jirani alikuwa jirani. Lakini sisi kauli tulikuwa nayo. Jezi ilikuwa ndani ya nyumba yetu, imefuliwa, imepigwa pasi, inanukia udi, na mwenyewe alikuwa chumba cha pili, mlango uko wazi, anasubiri aitwe.