Orodha ya Waliokubali

Mimi ni mtu wa utaratibu. Sijisifu, hata wajukuu zangu wananicheka kwa hilo. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, na nilipostaafu nikaanza kuandika kwenye mtandao, ukurasa wangu mwenyewe, kwa simu, nikiwa nimekaa barazani kwangu, mtaa wa Kilibula. Naandika mambo ya siasa. Vijana wananiita mtu wa kizamani, na ni kweli. Naamini mtu amheshimu mzazi, padri na serikali, kwa mpangilio huo. Wanaochoma matairi barabarani niliwasema. Wanaotukana viongozi niliwasema pia, tena kwa maneno makali, maana mwalimu akistaafu ulimi wake haustaafu.

Makongamano niliyapenda. Wengi hapa Uvira wanaenda kwa ajili ya soda na sambusa, hilo nani asiyelijua, lakini mimi nilienda kusikiliza. Nikirudi nyumbani naandika yote yaliyosemwa, kisha nafungua tovuti za serikali kuona kama ahadi imewekwa huko. Mara nyingi nakuta wameandika kwamba ukurasa bado unatengenezwa, na waziri aliyeondoka zamani bado yuko pale anatabasamu. Sikuwacheka. Niliwaambia wasomaji wangu wawe na subira.

Sasa, dada yangu mkubwa, ambaye huku kwetu tunamwita yaya, ni mjane na anakaa karibu kabisa na mto Mulongwe. Nyumba yake ya kwanza ilichukuliwa na mafuriko. Ya pili aliisimamisha mwenyewe, tofali kwa tofali, kwa ndagala, samaki wadogo wa ziwani, alizokuwa akinunua bandarini Kalundu asubuhi mapema na kuzianika na kuziuza. Kusoma hakusoma. Baba alipokufa, mama alikuwa na uwezo wa kumsomesha mtoto mmoja tu, na yaya ndiye aliyesema apelekwe mdogo. Mdogo ni mimi.

Ofisi moja ya serikali ikaitisha kongamano juu ya wakaaji wa ukingo wa mto. Yaya hakutaka kwenda. Alisema siku hiyo ana samaki wa kugeuza juani. Nilimsemesha siku mbili, mpaka akachoka na mimi. Kwenye ukurasa wangu pia niliwahimiza watu wote wa kando ya mto waende, waonekane, wahesabiwe.

Ukumbini mambo yalikwenda kama yanavyokwenda siku zote. Kwetu orodha ya waliohudhuria inatangulia hotuba. Inapita mkono kwa mkono ikiwa juu ya kibao, watu bado wanatafuta viti, na hakuna anayesoma kichwa cha karatasi. Ukiuliza unaonekana mtu wa fujo. Mimi walinikalisha mbele, kwa hiyo nilisaini wa kwanza. Kisha nikaifuata orodha mpaka mstari alipokaa yaya, nikaandika jina lake kwa mkono wangu, nikamsogezea wino wa kidole.

Akarudisha mkono.

“Tuko tunasaini nini?”

“Ni kuonyesha tu kama tulikuja, yaya.”

“Na huku juu, mbona wamekunja karatasi?”

“Weye nawe! Serikali itamsaidia namna gani muntu isiyemjua? Weka kidole.”

Aliweka. Jirani yake, mama mmoja muuza mihogo, alikataa kusaini mpaka asomewe kwanza. Kijana wa kupitisha kibao hakuwa na muda huo, akaendelea mbele. Nami nikamtazama yule mama kwa jicho baya, na jioni nikaandika juu yake, bila kumtaja, nikamalizia kwa methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wasomaji wengi walifurahi.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nafungua tovuti ya ofisi ile iliyotuita, kama ilivyo desturi yangu. Nikakuta wameweka orodha, karatasi zenyewe zimepigwa picha, na safari hii hazikukunjwa. Juu kuliandikwa kwa Kifaransa: wakaaji wa ukingo wa mto waliokubali kuhama kwa hiari, bila kudai kiwanja kingine. Wa kwanza nilikuwa mimi, ninayekaa Kilibula na sina hata shina la muhogo kando ya mto ule. Chini zaidi lilikuwepo jina la yaya, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, na kidole chake pembeni. Jina la muuza mihogo halikuwepo. Mwenye kupinga alipewa siku thelathini. Zilibaki tisa.

Nilipatwa na aibu kabla ya hasira. Nilizima simu, nikaiwasha, nikasoma tena kama vile maneno yangebadilika. Aliyemsikia mkuu ndiye aliyevunjika, na mkuu mwenyewe ni mimi. Nilifuta yale niliyoandika juu ya muuza mihogo. Halafu nikaona kufuta ni woga tu, nikayarudisha, na chini yake nikaandika kwamba nilikosea, kwamba yule mama alikuwa na akili kunizidi, na kwamba wote waliosaini wakaone majina yao. Watu walicheka sana. Mmoja alijibu kwamba leo mwalimu amepata sifuri.

Kesho yake nilikwenda kwenye ofisi ile iliyotuita. Karani alinipokea kwa heshima, akanipa kiti.

“Mwalimu, hatukumlazimisha muntu,” alisema. “Na weye mwenyewe ulisaini wa kwanza.”

Nikauliza tunapinga vipi. Aliniambia fomu ya kupinga iko kwenye tovuti, kila muntu na yake, ijazwe yote, ikikosa jibu hata moja inatupwa. Nikaenda kuichapisha, kisha nikashuka Mulongwe.

Yaya alikuwa anageuza ndagala kwenye mkeka. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana kukaa niliona haya. Aliendelea kugeuza samaki wake mpaka nikamaliza.

“Basi nyumba hii nimeitoa,” alisema.

“Hujaitoa. Kuna karatasi ya kupinga. Nitakusomea.”

Tuliingia ndani, nikamsomea. Jina, mtaa, miaka ya kukaa pale, yote alijibu vizuri. Swali la nne liliuliza: kama hukujua unachosaini, nani alikudanganya? Jina lake, kazi yake, mahali anapokaa. Chini waliandika kwamba mtajwa anaweza kufikishwa mbele ya sheria.

Yaya aliichukua karatasi, akaipindua, akanirudishia.

“Andika ule bwana wa mkutano,” alisema mwishowe.

“Ule hakukuambia kitu. Hata hakukuona.”

“Basi andika minye sijue,” alisema, yaani yeye hajui.

“Wakiona hakuna jina wataitupa, yaya. Watakuja kuvunja.”

“Wavunje.” Sauti yake ilipanda. “Mtoto wa mama yangu, minye ndiye nimupeleke kwa serikali? Mama akiniuliza kule aliko, nitamujibu nini?”

Miaka yote niliwaandikia watu kwamba nyumba haijengwi bila ukweli na heshima. Siku ile nilikuwa na vyote viwili mkononi, na kimoja kilikuwa kinakula kingine. Niliogopa, sisemi uongo. Niliogopa kuitwa, kukaa kwenye benchi mbele ya vijana niliowafundisha kusoma. Lakini niliogopa zaidi kumwona dada yangu anajenga nyumba ya tatu.

Nikaandika jina langu. Kazi: mwalimu mstaafu. Mahali: Kilibula. Nikaandika kwamba alikuwa na mashaka, akauliza mara mbili, na mimi nikamhakikishia. Halafu nikamsomea karatasi nzima kuanzia juu kabisa, Kifaransa kwanza, kisha Kiswahili, polepole. Nilipofika kwenye jina langu alifunika uso kwa kitenge, akalia bila sauti. Sikuacha kusoma.

Tuliipeleka siku ya nane kati ya zile tisa. Mpaka leo ninapoandika hawajajibu, na kwenye tovuti orodha iko vilevile.

Lakini kabla hatujaipeleka ilibidi aweke kidole, na mimi sikumwambia aweke. Niliweka wino mezani, nikakaa. Aliitazama ile karatasi ambayo hawezi kuisoma. Kisha akakisukuma kidole kwenye wino, akakiweka, akakikandamiza kwa nguvu. Akajifuta kwenye kitenge, akaniuliza kama nimekula.